Moshi wa Jikoni kwa Anonciata

Kwetu Rwebitoke, machimbo yaliyo juu ya migomba ya Kamuli, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hachomi dhahabu yake mwenyewe. Sheria hiyo haikupitishwa na kikao chochote, lakini ijaribu kuivunja uone. Watu wakishatoa mawe shimoni, wakayasaga kwenye karasha, wakaosha mchanga mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea, na kuukamatisha kwa zebaki, wanabaki na kitonge cheupe kilichokamuliwa ndani ya kitambaa. Humo dhahabu na zebaki zimeshikana, na ili ziachane lazima kitonge kikae motoni mpaka zebaki ipae. Hapo ndipo wanaume wazima hutoleana macho, maana wenye hisa ni wengi na kila mmoja anaijua mikono ya mwenzake. Kwa hiyo kitonge hupelekwa kwa mtu asiye na hisa kwenye duara lolote, anayeaminika, mwenye jiko lisilopitisha upepo. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Anonciata.

Mimi ni jirani yake. Nauza chai na chapati kwa wachimbaji, kwa hiyo maneno ya Rwebitoke hunifikia yangali ya moto, na mengine, sikatai, huongezewa chumvi mezani kwangu. Haya ya Anonciata sitayatia chumvi. Nilikuwepo, na yaliniuma.

Babu yake alitoka Burundi kuja kuvuna kahawa za watu. Yeye alizaliwa Kaisho, akaolewa huku kwetu, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja anayeitwa Uwizeye. Shamba lake lilikuwa migomba michache na kipande cha maharage. Kilichomsomesha Uwizeye na kumtoa kwa heshima kwenda kuolewa Nyabiyonza ni lile jiko: kinyumba cha udongo uani, paa la nyasi limeshuka chini, mlango wa kuingia umeinama. Wachimbaji walilipenda kwa sababu waliamini upepo hupeperusha dhahabu. Ni uongo, ila uongo ukishazeeka watu huuamkia shikamoo.

Kitonge kilipoletwa, wenye hisa wote waliingia jikoni, wakabanana ukutani, macho motoni. Anonciata alikiweka kwenye kikaango kidogo juu ya mafiga, akapuliza mkaa. Wakati wakisubiri, aliwapitishia akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikakaushwa. Mgeni asiyepewa akamwani hajakaribishwa, hata umpe kiti cha sofa. Ya Anonciata ilisifiwa kupita zote, kwa kuwa aliikaushia kwenye uchaga juu ya mafiga yale yale, ikanywa moshi mpaka ikaiva vizuri. Dhahabu ikishabaki peke yake kikaangoni, kila mtu alikunywa kikombe cha maziwa, maana tulijua wote kwamba maziwa huosha kifua. Yeye alikunywa viwili.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka.

Mwanzoni aliificha ndani ya kanga. Baadaye haikufichika. Akimenya ndizi kisu kinacheza. Akikupa chai, nusu inabaki sahanini. Akawa msahaulifu, na hasira zake, ambazo zamani zilikuja kwa msimu kama senene, zikawa za kila siku. Alilalamika kwamba mdomoni anasikia ladha ya msumari. Rwebitoke ikatoa hukumu bila kumwita mshtakiwa: Mama Uwizeye anakunywa. Anajifungia, anakunywa rubisi ya ndizi kwa siri, halafu Jumapili anaimba kwaya. Wengine walisema hayo wakiwa wamekaa kwangu, wakila chapati zangu, na ilibidi niwaambie kwamba nimekaa jirani naye muda wote huo sijawahi kumsikia hata harufu. Hawakunisikiliza. Mtu akipata la kusema juu ya mjane, hataki kunyang'anywa.

Mwaka huo Uwizeye akashika mimba ya kwanza. Kwenye ukoo wa Anonciata, mtoto wa kwanza ana taratibu zake. Kuzaa ni kwenye kituo cha afya, hilo halina ubishi siku hizi, lakini ukitoka kituoni unarudi kwa mama yako mzazi. Unalazwa jikoni karibu na moto, unakandwa, unanyweshwa uji na supu, mama anamwogesha mjukuu mpaka wewe upate nguvu. Binti akizikosa siku hizo, watu wa kwa mume husema katupwa na kwao, na maneno hayo humfuata mpaka uzeeni. Anonciata alianza kuweka kuni mapema. Kitu kimoja tu kilimtisha. Aliniambia siku moja tukichagua maharage, akaniambia bila kunitazama, “Jirani, nitamwogeshaje mtoto kwa mikono hii? Nitamdondosha.”

Mficha uchi hazai, nikamwambia. Akaenda zahanati.

Muuguzi wetu, Joanitha, ni binti wa watu wa Muleba, mpole, lakini anapouliza swali hakuachii mpaka ulijibu. Alimwamkia, akamtazama mikono, akamuuliza kama anakunywa pombe.

“Hata divai ya misa anakunywa padri,” Anonciata akamjibu. “Mimi naangalia tu.”

“Sawa, mama. Unafanya kazi gani?”

“Nalima. Na nachomea watu dhahabu.”

“Unachomea wapi?”

“Jikoni kwangu.”

Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi. Joanitha aliweka kalamu chini, akasema kesho atakuja kutusalimia.

Alikuja kweli. Anonciata akamkaribisha jikoni kama mgeni wa heshima, akampa akamwani. Joanitha akapokea kwa mikono miwili, akatia mdomoni, akawa anatafuna huku macho yanazunguka: ukutani, kwenye kikaango, kwenye masizi ya paa, kisha juu kwenye uchaga. Taya likasimama.

“Mama, hii kahawa unaikaushia wapi?”

Anonciata akamwonyesha juu, kwa fahari. Joanitha akaitema yote kiganjani.

Kumtemea mwenyeji akamwani yake mbele ya macho yake si jambo dogo. Anonciata alisimama, na mimi nikasimama nikajiweka katikati. Yule binti hakukimbia. Alisema yaliyomleta akiwa amesimama mlangoni. Kwamba zebaki ikipata moto inageuka mvuke usioonekana na usio na harufu. Kwamba kuishika kwa mkono, jambo tulilokuwa tukitishana nalo, si kitu mbele ya kuuvuta ule mvuke. Ukiuvuta unaingia kwenye damu, unakwenda kwenye ubongo na figo, na mikono inaanza kucheza. Kwamba isiyovutwa haiendi mbali: inapoa, inanasa kwenye masizi, kwenye nyasi za paa, kwenye udongo wa ukuta, kwenye chakula kilichoanikwa juu. Ukiwasha moto wa kupika tu, inaamka tena.

“Na maziwa?” nikamuuliza mimi.

“Maziwa ni chakula kizuri, shangazi. Lakini yanashuka tumboni. Huo mvuke umeingia mapafuni, hayakutani.”

Anonciata akauliza kwa sauti ndogo, “Na mwenye mimba?”

“Mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga ndio wanaoumia kuliko wote, mama. Ubongo wao bado unajengwa. Asije akalala humu.”

Basi Anonciata akamfukuza. Alimwita mchawi, akamwita mtoto asiye na adabu, akamrushia maneno ya Kirundi ambayo sikuyaelewa na nashukuru. Joanitha akasema, “Asante mama, nitarudi,” akaondoka. Jioni nilipopita nilimkuta Anonciata amekaa chini ya uchaga, anauangalia. Aliupenda ule uchaga. Alikuwa amelisha nao watu miaka yote hiyo, na sasa alikuwa anawakumbuka mmoja mmoja. Nilimwonea huruma, nikakaa chini karibu naye.

Asubuhi akaniita nimshikie simu, akampigia binti yake.

“Mwana wanje, mwanangu, usije.”

Uwizeye hakuelewa. Mama akarudia: asije, akae huko huko Nyabiyonza, mama mkwe atamwangalia. Tukasikia kilio.

“Mama, nimekukosea nini?”

“Hujanikosea. Jiko ndilo bovu. Lina moshi wa zebaki, muuguzi amesema.”

“Nitawaambia nini watu wa hapa? Kwamba mama yangu ana moshi? Wenzangu wote kwa mama zao hakuna moshi?”

“Uwizeye, nisikilize.”

“Mama, kama ubaya ni moshi, si uuache huo moshi?” Akakata simu.

Anonciata akabaki ameishikilia kwa mikono yote miwili. “Umemsikia?” akaniuliza. “Muuguzi alisema mengi. Huyu kasema neno moja.” Akainuka, akakung'uta kanga. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba amekwisha kuamua, na kwamba wa kumrudisha nyuma hajazaliwa.

Wa kwanza kukutana na uamuzi huo alikuwa Placidius. Huyu ni mfanyabiashara kutoka Muleba aliyejenga hapa kijijini, mwenye duara kubwa kuliko yote hapa, mtu wa vicheko, si mtu mbaya. Alikuja mchana na wenzake na kitonge. Wakakuta mlango wa jiko umefungwa kwa kamba ya mgomba na Anonciata amekaa mbele yake.

“Sichomi tena,” akasema.

Placidius akacheka. “Waitu, mama, umefundishwa na watoto wa zahanati?”

Anonciata aliomba kikombe cha chai kutoka kwangu. Nikampa kimejaa. Akakinyoosha mbele yao, akakiacha kicheze mpaka chai ikamwagikia miguu ya Placidius.

“Mnasema nakunywa,” akawaambia. “Ni kweli. Pombe yenyewe mnaniletea nyinyi, ndani ya kitambaa.”

Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza mbona wao hawatetemeki. “Nyinyi mnakuja mnaondoka,” akamjibu. “Mimi napika humu kila siku. Na wewe ukiendelea kukaa ukutani, foleni ni yako.”

Kuacha kuchoma hakukutosha, maana jiko lenyewe lilikuwa limeshiba. Joanitha alirudi kama alivyosema. Anonciata hakumwomba radhi kwa maneno. Alimpa parachichi mbili, maana kahawa ya kumpa hakuwa nayo tena. Wakaelewana. Joanitha akamweleza namna ya kulibomoa: lowanisha masizi kwanza yasiruke vumbi, funga pua na mdomo, fukia kila kitu mbali na kijito, na usikitumie chochote kwa kuni.

Hapo kwenye kuni ndipo palipotokea vita. Miti ya lile paa ilikuwa mikavu, mizito, miaka imeikausha juu ya moto, na Rwebitoke kuni ni shida. Kabla nyasi hazijashushwa zote, watu walikuwa wamepanga mstari na kamba zao. Anonciata akachukua panga, akasimama juu ya rundo. Aliwaambia kwamba miti hiyo ikiingia jikoni kwao itawafanyia yale yale iliyomfanyia yeye. Wakamwambia ana choyo. Wakamwambia kichwa kimeharibika. Aliwaambia sawa, kichwa kimeharibika, na panga analo. Tulifukia kila kitu, mafiga, kikaango, uchaga na kahawa yake yote, kwenye shimo tulilochimba juu kilimani, yeye na mimi na Joanitha, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Wachimbaji nao hawakukaa wakilia. Walianza kutafuta jiko jingine, na kwa kuwa la kwangu liko hatua chache tu, wakaja kwangu. Nitasema kweli: nilizitazama kuta zangu, nikaona hazipitishi upepo, nikaanza kukohoa kikohozi cha mtu anayetaka kubembelezwa. Sauti ikatoka ng'ambo ya migomba.

“Jirani! Ukikubali, nitakuja kulibomoa na hilo!”

Wakaondoka. Angelibomoa, hakika.

Kulikuwa na chombo cha kuchomea, chungu cha chuma chenye kifuniko na mrija, kilicholetwa zamani na maofisa waliokuja kutufundisha. Unafunga kitonge humo, mvuke unapita kwenye mrija uliozamishwa kwenye maji, zebaki inapoa na kurudi kuwa zebaki, huvuti kitu. Tuliwapigia makofi maofisa wale, wakaondoka, na chungu kikaishia kuwanyweshea kuku wa mwenyekiti. Anonciata alikwenda akamwaga maji ya kuku, akakisugua, akakipandisha kwenye mwamba ulio wazi juu ya machimbo, mbali na nyumba zote. Akawaambia, choma hapo. Yeye mwenyewe hakwenda tena karibu na moto huo. Kijana wa kanisani asiye na hisa akapewa kazi. Walilalamika kwamba kinachelewa, kwamba dhahabu inatoka na rangi ya kutu. Lakini walipoona zebaki inarudi yote na hawanunui nyingine, malalamiko yakapungua. Si wote. Wapo wanaochoma kichakani hadi leo, na wapo walioacha kunisalimia kwa sababu ya jirani yangu.

Anonciata aliyalipia hayo. Alirudi kupalilia kahawa za watu, mwanamke wa umri wake, jembe likicheza mikononi. Alikwenda hospitali kubwa kupimwa kama Joanitha alivyomwandikia. Daktari akamwambia mwili utaipunguza zebaki polepole akikaa mbali na moshi, lakini hawezi kumwahidi kwamba mikono itatulia yote. Alirudi amenuna siku nzima. Kesho yake akaanza kuchimba udongo wa jiko jipya, bondeni, mbali na mwalo. Wanawake wa jumuiya walikuja kukandika ukuta, na wale wa maneno ya rubisi nao walikuja, kwa aibu kidogo, na hakuwafukuza. Aliwaacha wabebe maji zaidi ya wenzao. Safari hii aliacha nafasi pana kati ya ukuta na paa, upepo uingie na kutoka unavyotaka.

Uwizeye alijifungua salama, mtoto wa kike. Mume wake, Deodatus, alimleta kwa pikipiki ya kukodi, taratibu, amejifunga mtoto kifuani yeye mwenyewe kwa kuogopa mashimo ya barabara. Binti na mama hawakuzungumzia ile simu. Uwizeye aliingia jikoni, akanusa, akakaa kwenye mkeka karibu na moto, akanyoosha miguu. Kuogesha, tulipanga hivi: mimi nashika mtoto, Anonciata anammwagia maji na kuamrisha. Anaamrisha sana.

Siku zile zilikuwa za mvua. Mchana mmoja, maji yanamwagika kama yanalipwa, Placidius akatokea mlangoni amelowa chapachapa, ngumi imefumba kitambaa. Mnunuzi wake alikuwa amefika na anaondoka muda huo huo. Mwamba umelowa, moto hauwaki, wafanyakazi hawajalipwa na wanamsubiri.

“Mama Uwizeye, nakuheshimu unavyojua. Mara hii moja tu. Moto huu hapa, umeshawaka. Mzazi ajifunike blanketi na mtoto wake, ni dakika chache. Nitakulipa kuliko nilivyowahi kukulipa.”

Nilimwangalia Anonciata, nikaangalia chungu chake cha uji, ambacho siku hizo hakikuwa na sukari. Aliinuka, akaenda akasimama mlangoni, akashika miimo yote miwili.

“Placidius, kwako hakuna jiko?”

“Lipo.”

“Limejengwa vizuri?”

“La matofali, mama. Unalijua.”

“Moto umewaka?”

“Mke wangu anapika.”

“Basi ni hapo chini tu. Nenda kachome. Kama wenzako wanakushuku, mimi sina hisa, nitashuka nawe na mvua hii nikae nje ya dirisha niangalie.”

Placidius akarudi nyuma hatua moja, kama aliyeambiwa tusi.

“Kwangu? Hapana, mama. Kwangu kuna watoto.”

Uwizeye alikuwa amekwisha kumfunika mtoto na kugeukia ukuta. Placidius akatazama ule mgongo wake, kisha mikono ya Anonciata, iliyokuwa ikitikisa miimo ya mlango bila kuiachia. Uso ulimbadilika. Akatia kitambaa mfukoni.

“Mnunuzi atasubiri,” akasema, akashuka na mvua.